Mbegu Si Sadaka

Mtu anayetumia siku yake nzima kuokota mbegu za mninga porini, akazipeleka kitaluni bila kulipwa hata senti, kwa kawaida huambiwa maneno mawili tu: Mungu atakulipa. Ni maneno ya heshima, na anayeyatamka huwa ameguswa kweli. Lakini ndani yake mna hesabu. Yanasema kwamba muokotaji ametoa kilicho chake, kwamba kwa hiyo yupo anayedaiwa, na kwamba kwa kuwa watakaofaidika hawana cha kulipa, ama kwa sababu hawajazaliwa au kwa sababu ni nyuki na ndege, deni limehamia kwa Mungu. Nadai kwamba hesabu hiyo imewekwa kichwa chini miguu juu. Anayeokota mbegu za miti ya asili ili kuirudishia ardhi uoto wake hatoi sadaka, analipa. Anayedaiwa ni yeye, na sisi pamoja naye. Wala huu si ubishi wa maneno matupu. Jibu la swali hili ndilo linaloamua ni mbegu ipi iokotwe, ipandwe wapi, nani ainame kuiokota, na lini mtu aseme kazi imekwisha.

Mpui, mkoani Rukwa, ni mahali pazuri pa kulipimia jambo hili, kwa sababu nyanda za juu za Ufipa hazifichi kilichotumika. Kusini ya Sumbawanga, huku na huku ya barabara itokayo Tunduma, jicho hukimbia mbali bila kuzuiwa: mashamba ya mahindi, maharage, ulezi na alizeti, nyasi zinazogeuka rangi ya shaba kiangazi, na mti mmoja mmoja uliosazwa. Msitu umejibanza milimani na mabondeni. Mbizi, juu ya mji wa Sumbawanga, ni kipande kilichobaki ambamo mbega wekundu bado wanaruka matawini. Miti mingine haikuyeyuka yenyewe. Wafipa walikuwa wafua chuma mashuhuri, na matanuru yao ya udongo, malungu, yanayompita mtu mzima urefu kwa mbali, yamesimama hadi leo katika mashamba ya Rukwa. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameyachunguza kwa miaka mingi. Kila tanuru lilikula makaa, na makaa ni miti. Si haki hata hivyo kulitwisha tanuru mzigo wote. Moto wa kila kiangazi, malisho ya ng'ombe na shamba lenyewe vina fungu lao kubwa, tena vinaendelea kula ilhali malungu yalizimika zamani.

Neno deni likitajwa hapa, wengi hujihami haraka, kana kwamba wameitwa wezi. Lakini deni halihitaji kosa. Aliyekopa gunia la mahindi mwezi wa njaa hakutenda dhambi; alifanya alichopaswa ili watoto wale. Kadhalika mhunzi wa Kifipa hakukosea. Chuma kile kilikuwa jembe, na jembe lile ndilo lililoinua matuta ya mviringo ambayo Wafipa huyaita intumba. Tuta hilo linastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndani yake mna fikra kamili. Mvua zikielekea kwisha, mkulima hukwangua nyasi, huzilundika, huzifunika kwa udongo, na juu yake hupanda maharage. Nyasi zinaoza chini kwa chini. Msimu unaofuata tuta hufumuliwa, ule weusi ukatawanywa, na ulezi ukasiwa juu yake. Mkulima huyu hajasubiri ardhi ichoke ndipo aihurumie. Anairudishia kabla ya kuidai tena, na hakuna jirani anayemsifu kwa ukarimu. Akiacha kufanya hivyo ndipo watasema hajui kulima. Kinachoshangaza si kwamba watu wa Ufipa hawajui kulipa ardhi. Ni kwamba malipo wanayoyafanya kwa nyasi bado hatujayafanya kwa miti.

Kiswahili kina neno linalolibeba jambo hili vizuri kuliko deni, nalo ni amana. Deni ni kitu ulichokiomba na ukakitumia. Amana ni kitu ulichowekewa, ambacho si chako ingawa kiko nyumbani kwako. Dini zote mbili kubwa za nchi hii zinalijua wazo hilo. Kurani inaeleza kwamba amana ilitolewa kwa mbingu, ardhi na milima, vyote vikaogopa kuibeba, akaibeba binadamu. Injili ina mfano wa watumishi walioachiwa talanta, na yule aliyeifukia yake ardhini akalaumiwa. Kwa mbegu mfano huo unageuka kwa namna ya kupendeza: hapa kufukia ndiko kuzalisha, na mtumishi mvivu ni yule aliyeiacha kabatini. Lakini kiini ni kilekile. Mwenye amana haulizwi alikuwa mkarimu kiasi gani. Anaulizwa alikuwa mwaminifu kiasi gani. Na uaminifu una masharti ambayo ukarimu hauna.

Sharti la kwanza ni kutochukua vyote. Wataalamu wa mbegu za miti ya asili wana kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi: usichukue zaidi ya moja ya tano ya mbegu zilizokomaa siku hiyo, na usizitoe katika mti mmoja, bali katika miti mingi iliyoachana. Sababu zake ni za kibiolojia. Mbegu za mti mmoja ni ndugu, na msitu wa ndugu watupu ni dhaifu mbele ya ugonjwa. Halafu panya, ndege na msitu mama nao wanaishi kwa mbegu zilezile. Lakini msomaji wa Torati atatambua kwamba sauti hii si ngeni. Sheria ya Musa ilimkataza mvunaji kufyeka hadi pembe za shamba, ili maskini na mgeni wapate kuokota. Ilisema pia kwamba ukikuta kiota unaweza kuchukua makinda, ila mama umwache aende. Anayetoa sadaka hujiuliza atoe kiasi gani. Anayeshika amana huanza na swali lililo gumu zaidi: niache kiasi gani?

Sharti la pili ni kurudisha kitu kilekile, mahali palepale. Hapa mbegu yenyewe ndiyo mwalimu. Tunda la mninga ni duara jembamba, pana kama kisahani cha chai, lenye ukingo mkavu kama karatasi na kitovu kilichojaa nywele ngumu zinazochoma vidole. Hubaki mtini kiangazi, majani yakiwa yameshadondoka. Ndani ya gamba hilo gumu kwa kawaida mna mbegu moja au mbili, na kuzitoa bila kuziumiza ni kazi ya kisu, mikono na subira. Msuku, ambao wengine huuita mkusu, ni kinyume chake kabisa. Matunda yake ni matamu na yanaliwa na kila mtoto, lakini mbegu yake haivumilii kukaushwa wala kuwekwa. Ikichelewa wiki chache, imekufa. Methali inasema akiba haiozi. Kwa mninga ni kweli, kwa msuku ni uongo, na muokotaji asiyeijua tofauti hiyo atapanda makopo ya udongo usio na kitu. Zaidi ya hayo, mche wa msuku haustawi bila kuvu fulani wanaoishi kwenye mizizi, na ndiyo maana wajuzi huchota na udongo kidogo chini ya mti mama. Anayerudisha msuku, basi, harudishi mti tu. Anarudisha na jamaa zake wasioonekana.

Mahali nako kuna uzito wake. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, bonde la Ziwa Rukwa liko karibu mita 800, na kati yao nyanda za Ufipa zinapanda kutoka mita 1,500 hadi kupita 2,000. Kwa hiyo mtu anaweza kutoka kwenye joto la bonde akafika kwenye baridi ya Juni inayouma mifupa bila kuvuka mpaka wa mkoa. Mti uliozaliana bondeni kwa vizazi vingi umezoea bonde. Uzao wake ukiletwa juu unaweza kuota vizuri mwaka wa kwanza, kisha baridi ikauumbua. Mbegu iliyookotwa jirani na Mpui ina elimu ya Mpui ndani yake, elimu iliyolipiwa na miche yote iliyokufa kabla ya mti mama kusimama. Ndiyo maana kazi hii haiwezi kuachiwa ghala moja la mbali peke yake, hata likiwa na wataalamu wa mbegu. Inahitaji watu wa hapohapo, wanaojua mti upi umezaa mwaka huu na uko nyuma ya kilima kipi.

Kwamba watu wa kawaida wanaweza kuibeba amana hii, Afrika Mashariki imekwishaona. Wangari Maathai alipoanzisha nchini Kenya, mwaka 1977, kazi iliyokuja kuitwa Green Belt Movement, mabwana miti walikuwa na shaka kama wanawake wa vijijini wangeweza kuotesha miche bila kusomea misitu. Wanawake wakaenda kutazama miti ya jirani zao, wakaokota mbegu zake, wakazijaribu katika vyungu vilivyovunjika na mikebe, wakajifunza kwa kukosea. Walipewa fedha kidogo sana, lakini kwa namna yenye maana: zilihesabiwa kwa mche uliopona. Linganisha na desturi yetu. Serikali ya Tanzania ilizitaka halmashauri za wilaya kupanda miti milioni 1.5 kila moja kwa mwaka. Lengo hilo si baya, ila tazama kinachohesabiwa: kilichopandwa. Picha hupigwa siku ya kupanda, hotuba husomwa siku ya kupanda. Sadaka hukamilika inapotoka mkononi. Amana haikamiliki mpaka ifike.

Pingamizi la kwanza linatoka tumboni, nalo lisikilizwe kwa heshima. Mkulima wa Mpui atasema: mkaratusi utanipa nguzo na kuni katika miaka michache, msindano utanipa mbao nikiwa hai, lakini mninga utamngoja mjukuu wa mjukuu wangu. Kweli tupu. Jibu si kumzuia kupanda mkaratusi. Ni biashara halali, na kila gogo la mkaratusi linaloingia jikoni linaweza kuusalimisha mti wa porini. Kosa ni kuiita biashara hiyo marejesho. Aliyeachiwa ng'ombe akarudisha mbuzi kumi amefanya jambo, lakini hajarudisha amana, hata mbuzi wale wawe wanono. Isitoshe, mkulima huyo anaujua mwiko unaomjibu. Masuke ya mbegu yaliyoning'inizwa juu ya moshi wa jiko hayaguswi hata chungu kikiwa kitupu, na anayeyala anajulikana kuwa amekula mwakani. Mjini Leningrad, ulipozingirwa kati ya 1941 na 1944, baadhi ya wafanyakazi wa taasisi iliyoongozwa na Nikolai Vavilov walikufa kwa njaa huku wamezungukwa na magunia ya mbegu za mpunga na nafaka nyingine walizokuwa wakizilinda. Hatumtaki mtu yeyote wa Ufipa afikie hapo. Lakini tusiseme kwamba tumbo halijui lolote kuhusu amana; mwiko wa mbegu ulitoka kwa watu wenye njaa.

Pingamizi la pili linasema kwamba ardhi hujiponya yenyewe, na muokotaji anajisumbua bure. Lina ushahidi mzito. Mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI, ulioanza Shinyanga mwaka 1986, ulifufua ngitili, malisho yanayofungwa kwa muda kwa desturi ya Wasukuma, na mamia ya maelfu ya hekta yakarudiwa na miti bila mtu kupanda sehemu kubwa yake. Dodoma nako kuna kilimo cha kisiki hai, ambapo machipukizi ya visiki huchaguliwa na kulindwa badala ya kununua miche. Ninakubali yote. Palipo na kisiki hai, mbegu ni usumbufu, na mwaminifu ataweka kopo chini, atamfunga mbuzi na kukaa kando. Amana wakati mwingine hurudi kwa kuachwa. Ila kisiki hai kinahitaji kisiki. Ardhi iliyolimwa na kuungua kwa vizazi haina tena kitu cha kuchipua, na mbegu za miyombo hazisafiri mbali: maganda hupasuka kwa joto na kuzirusha hatua chache tu kutoka kwa mama. Penye nafasi ya kilomita nyingi kati ya mama na shamba tupu, hapana budi mtu awe mguu wa mbegu.

La tatu ni kali zaidi. Nani kasema Ufipa yote ilikuwa msitu? Nyasi za nyanda za juu za Afrika si lazima ziwe makovu ya msitu uliokatwa. Nyingine ni za kale, zina maua na mimea yake isiyopatikana kwingine, na kuzijaza miti ni kuziharibu kwa jina la kuziokoa. Mwenye kutoa sadaka hana kinga dhidi ya kosa hili, kwa maana anaupenda mti, na mti ni mzuri popote. Mwenye amana anayo kinga. Yeye haulizi ni nini kizuri, anauliza ni nini kilikuwa hapa. Jibu likiwa ni nyasi, ataokota mbegu za nyasi. Likiwa ni msitu wa kando ya mto, atatafuta mizambarau mwitu ya kando ya mto. Kwa hiyo pingamizi hili haliangushi hoja. Linaonyesha kwa nini deni ni kiongozi bora kuliko huruma.

Limebaki lile la wanafalsafa. Huwezi kuwiwa na asiyekuwapo, wanasema. Mtoto wa mwaka 2125 hana jina, hana madai, hawezi kusimama mahakamani. Mimi naona pingamizi hili limekosea mahali pa kumtafuta mdai. Tarishi aliyepewa barua hawiwi na anayepelekewa, ambaye pengine hajui hata kwamba barua ipo. Anawiwa na aliyeituma. Vizazi vijavyo ndio anwani, si wadai. Aliyetuma ni yule tuliyepokea kutoka kwake: Mungu kwa mwenye imani, na kwa asiye na imani, msururu mrefu wa miti na watu waliopitisha kitu ambacho sisi hatukukitengeneza. Hadithi mashuhuri ya Mtume inalionyesha hili kwa ukali usio na kifani: Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, akiweza kuupanda, aupande. Katika saa hiyo hakuna mjukuu, hakuna kivuli, hakuna mbao. Mnufaika amefutwa kabisa, na wajibu umebaki. Basi wajibu haukuwahi kumtegemea mnufaika.

Lakini kama ni deni, mbona anayelipa ni mwanamke wa kijijini, wakati makaa yaliungua katika majiko ya Dar es Salaam na mininga ikawa vitanda na milango ya watu asiowajua? Hili silijibu kwa kulikataa. Neno kujitolea, tulipendalo sana, lina hatari hii: humpamba anayeinama na kumficha aliyekula. Tukisema sadaka, basi kila mtu atoe apendavyo, na maskini kama kawaida atatoa zaidi. Tukisema deni, kila mmoja anaulizwa alikula kiasi gani, na hapo mji, soko la mbao na hazina ya serikali wanatakiwa kuleta kitalu, usafiri na ujira. Na yule anayeokota zaidi ya fungu lake anakuwa mdhamini wa wengine. Hiyo ziada yake, nakiri, ni sadaka ya kweli. Ila anaitoa kwa wadaiwa wenzake waliokimbia. Ardhi anailipa tu.

Mche wa mninga una tabia inayotenganisha watu wa aina hizi mbili. Ukishaota, kiangazi kikija shina lake hukauka likafa hadi chini. Mvua zikirudi, huchipua tena. Kiangazi kingine, hufa tena. Huenda hivyo miaka saba, kumi, hata zaidi, mzizi ukinenepa gizani, mpaka siku una nguvu ya kusimama na kutorudi chini. Mtoaji sadaka akipita kiangazi cha tatu ataona uwanja mtupu, atasema tulijaribu. Kinachomzuia mwenye amana kusema hivyo ni daftari: mti mama uko wapi, mbegu iliokotwa lini, ilisiwa wapi. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile inayoagiza deni liandikwe na liwe na mashahidi, kwa kuwa binadamu husahau, na husahau zaidi kile asichokiona. Daftari hilo la mbegu litamzidi umri aliyeliandika. Siku atakapomkabidhi mwingine, halafu huyo akaenda akasimama kwenye uwanja mtupu nje ya Mpui, akasoma kwamba chini ya miguu yake kuna mizizi ya mininga, hatakuwa na sababu ya kumshukuru yeyote. Atakuwa na sababu ya kuuzuia moto.